AWD itakuondoa haraka, lakini haitakusimamisha

Wasee, leo nitaudhi mashabiki wa WRX. Tulieni kwanza, mnitukane baadaye.

Hapa Nairobi huu mjadala hauishi. Huku kuna WRX, nguvu inaenda magurudumu yote manne. Kule kuna Mark X, nyingi zikisukumwa na magurudumu ya nyuma pekee. Na kila mara mtu wa AWD anamaliza hivi: "RWD itakuua mvua ikinyesha."

Mimi nasema hivi: kama unanunua gari ya mbio ndio ufurahie kuendesha, chukua RWD. Na ukichukua AWD, usidhani umenunua bima.

Sababu ni rahisi. Tairi ina kiasi fulani tu cha kushika barabara. Kwa RWD kazi imegawanywa: tairi za mbele zinakata kona, za nyuma zinasukuma. Kwa AWD, zile za mbele zinafanya zote mbili. Ndio maana MX-5, gari ndogo isiyo na nguvu nyingi, inafurahisha hivyo. Hata Subaru wenyewe, walipotengeneza BRZ pamoja na Toyota, walipeleka nguvu nyuma.

Najua mtaniletea rally. Sawa, twende huko. Audi Quattro ilitoka 1980 ikabadilisha mchezo, na Lancia 037 ya 1983 ndiyo RWD ya mwisho kushinda taji la dunia la watengenezaji. Lakini Safari Rally, hapa kwetu, RWD iliendelea kushinda: Opel Ascona 1983, halafu Toyota Celica mara tatu mfululizo, 1984 hadi 1986. AWD ilishinda mara ya kwanza 1987, Audi 200 Quattro. Safari ya wakati huo ilikuwa mawe, vumbi na masafa marefu. Kushika barabara pekee hakungekufikisha.

Sasa hii ndiyo inaniuma. Binamu yangu alikuwa na gari ya AWD. Usiku mmoja wa mvua alikuwa anashuka kutoka Limuru, na kila akikanyaga mafuta gari inavuta tu, haitetemeki. Akaamini barabara iko sawa. Akafika kona, akakanyaga breki, na hapo ndipo alijua lami ilikuwa inateleza kitambo. Mtaroni, mfupa wa bega umevunjika.

Breki za kila gari ziko kwa magurudumu manne. AWD haikuongezei hata moja. RWD ingemtikisia mkia mapema, wakati bado anaenda polepole, na angepunguza mwendo.

Sisemi RWD ni malaika. Ukiwa na nguvu nyingi, tairi zimeisha na miezi miwili ya leseni, itakugeuza uangalie ulikotoka. Kama kwenu ni matope hadi kwa geti, chukua AWD bila aibu. Na kama una pesa ya BMW M5, ile ya 2017 ilikuja na AWD na bado wakakuwekea njia ya kurudi RWD. Hao walielewa pande zote mbili.

Lakini kabla ubishane na mimi, toka nje uangalie tairi zako. Zikiwa zimeisha, haijalishi uko timu gani.

Haya, matusi yaanze. Wewe ni AWD ama RWD, na kwa nini?