Kabla Hujatupa Pointi za Land Rover Yako



Msimu wa nyanya ukifika huku milimani Lushoto, wenye Land Rover za zamani huwa hawaniulizi habari za mbolea. Wananiuliza: "Bwana shamba, nitoe pointi nifunge ile ya elektroniki?" Mafundi wa mjini wamewaambia pointi zimepitwa na wakati. Mimi si fundi wa gereji, lakini mzigo ukilala njiani hasara inarudi kwa mkulima, kwa hiyo nitasema. Kwa gari la kubeba mazao kutoka kijijini, baki na pointi na ujifunze kuzitunza. Ukiamua kufunga elektroniki, basi pointi usizitupe.

Nazungumzia magari ya petroli. Kama lako ni la dizeli, halina pointi wala plagi za cheche, hili halikuhusu.

Pointi ni vile visahani viwili vidogo ndani ya distributa, vinavyogusana na kuachana. Vikiachana, koili inatoa moto kwenda kwenye plagi. Kwa injini ya silinda nne, ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, pointi hufunguka mara 4,000 kwa dakika hiyo hiyo. Ndiyo maana zinaungua na kulika. Elektroniki inaweka sumaku na kifaa cha kuihisi mahali pa pointi. Hakuna kinachogusana, hivyo hakuna kinacholika, na taimingi haihami ovyo. Hizo ni sifa za kweli. Kama unatembea lami kila siku na duka la spea liko jirani, sina ugomvi na wewe.

Ila jiulize: kila kimoja kikifa, kinakufaje? Pointi hutoa taarifa. Gari linaanza kuwaka kwa shida, linamisi, linakosa nguvu mlimani. Hata zikigoma kabisa, bisibisi na kipande cha msasa laini vinaweza kukufikisha. Elektroniki mara nyingi hufa ghafla, na haifunguliwi ikatengenezwa barabarani. Ni kubadilisha tu.

Msimu uliopita mfanyabiashara mmoja alikwama mlimani na matenga 18 ya nyanya. Elektroniki ilikuwa imekufa, na fundi aliyeifunga alikuwa ameshatupa pointi. Kifaa kingine kilipatikana kesho yake jioni. Nyanya za chini zilikuwa zimeshalainika, na mnunuzi akazipangia bei anayoitaka yeye. Nusu ya mzigo ule ulikuwa wa mama mmoja aliyemkopesha mpaka auze. Huyo hakuwa na gari wala distributa, lakini hasara alikula.

Wengi wanaolaumu pointi hawajawahi kuzifungua. Kabla ya msimu kuanza, fanya hivi:

1. Fungua kifuniko cha distributa, toa rota. Zungusha injini taratibu mpaka kisigino cha pointi kipande juu kabisa ya nundu ya shafti. Hapo ndipo zimeachana zaidi.

2. Pima nafasi kwa fila. Kwa distributa za Lucas zilizo kwenye Land Rover nyingi za silinda nne, ni milimita 0.35 hadi 0.40. Distributa ya aina nyingine, fuata kitabu cha gari.

3. Zikiwa na weusi, sugua kidogo kwa msasa laini, kisha futa kwa kitambaa safi chenye petroli. Zikiwa zimechimbika, weka mpya.

4. Paka grisi kidogo sana kwenye nundu, ili kisigino kisilike haraka. Isifike kwenye visahani.

5. Angalia taimingi, maana nafasi ikibadilika, taimingi nayo inabadilika.

Pointi zikiungua upesi kila mara, shuku kondensa, kale kakopo kadogo kenye waya mmoja. Si kila kondensa mpya ni nzima. Ukiwa na ya zamani inayofanya kazi vizuri, itunze.

Na kama bado unataka elektroniki, uliza kwanza mambo matatu. Betri yako imeungwa vipi kwenye bodi? Baadhi ya Land Rover za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 zimeunga chanya kwenye bodi, na kifaa kisicholingana kitaungua mara moja. Koili yako inakubaliana nacho? Na je, dereva wako ana tabia ya kuacha swichi imewashwa huku injini imezimwa? Tabia hiyo inaweza kuua kifaa na koili. Kumbuka pia kwamba betri ikiwa dhaifu sana, kifaa kinaweza kugoma hata ukisukuma gari, wakati pointi pengine zingewasha.

Pointi zilizotoka, pamoja na kondensa yake na skrubu zake, ziweke kwenye kopo, ulifunge vizuri, likae chini ya kiti. Fundi akikuambia ni takataka, mwambie akupe hivyo hivyo.

Mkulima aliyekukabidhi mzigo wake hajali ndani ya distributa kuna nini. Anataka nyanya zifike Mombo asubuhi.

Nawatakia msimu mwema.