Barua kwa watu wa Uvira: shimo fupi la gofu na ardhi ya wote

Kwa wakazi wa Uvira, kuanzia Kavimvira hadi Kalundu

Katika gofu, kila shimo hupewa idadi ya mikwaju ambayo mchezaji hodari hutarajiwa kutumia tangu mahali pa kuanzia hadi mpira uzame tunduni. Mashimo mengi ya kiwanja ni ya mikwaju minne: mmoja mrefu, wa pili wa kufika grini, yaani sehemu ya nyasi iliyokatwa chini kabisa kuzunguka tundu, kisha miwili ya kusukuma mpira ndani. Mengi ya hayo huwa na urefu wa kati ya mita 320 na 430. Yasiyofika mita 320 huitwa mafupi, na katika kiwanja cha umma hayo ndiyo yanayostahili kutengenezwa kwa uangalifu kuliko yote.

Sababu ya kwanza ni usawa. Bingwa anayelipwa hupiga mpira mita 270 au zaidi. Mtu wa kawaida hufikisha karibu mita 200, na watoto na wazee hufikisha pungufu ya hapo. Katika shimo la mita 420, mwenye nguvu amekwisha kushinda kabla ya mkwaju wa pili. Katika shimo la mita 280, mzee aliyepiga mita 180 amebakiwa na mita 100 tu, na mkono uliotulia unaweza kuufikisha mpira karibu na tundu. Mwenye nguvu naye hushawishika kuitafuta grini kwa mkwaju mmoja. Akifaulu, amevuna. Akikosea, hujikuta mchangani au kwenye nyasi ndefu, huku mzee akiwa tayari yuko grini.

Kwa hiyo kazi ya mtengenezaji ni kuwapa wachezaji njia zaidi ya moja, na kila njia iwe na bei yake. Mfano mzuri ni shimo la 12 la Old Course huko St Andrews, Uskoti, lenye urefu wa mita 318 hivi. Kutoka mahali pa kuanzia, njia huonekana tambarare na wazi. Kumbe katikati yake kuna mitego ya mchanga isiyoonekana, kwa kuwa zamani kiwanja kilichezwa pia kwa kwenda upande wa pili, na mitego hiyo ilikuwa ikiwakabili waliotoka huko. Grini yenyewe ina jukwaa jembamba, na mpira uliopigwa kwa pupa hupita na kuanguka nyuma. Mgeni huliona shimo rahisi, lakini mwenyeji hufikiri kwanza atue wapi.

Mitego mingi si lazima. Kila mtego huhitaji kusawazishwa kwa reki na kuongezwa mchanga, na gharama hiyo huumiza kiwanja kisicho na fedha. Grini iliyolazwa mshazari, ikapokea mpira vizuri kutoka upande mmoja na kuukataa kutoka upande mwingine, huuliza swali lilelile bila gharama. Mbele ya grini paachwe wazi, ili asiyeweza kurusha mpira juu aubingirishe. Mahali pa kuanzia pawe patatu au panne, kwa umbali tofauti, ili msichana wa miaka 12 na bingwa wa mji wacheze shimo moja siku moja. Njia iwe pana, maana anayejifunza hupoteza mipira, na mpira ni ghali.

Ila shimo fupi lina ugonjwa wake: foleni. Anayetaka kufikia grini kwa mkwaju mmoja hulazimika kusubiri walio mbele waondoke, na asiposubiri huleta hatari. Mwaka 2001, katika shimo la 17 la kiwanja cha TPC Scottsdale, Marekani, lenye mita 304 hivi, mchezaji Andrew Magee alipiga mpira wakati kundi la mbele lilikuwa bado grini. Mpira ukagonga fimbo ya Tom Byrum, mmoja wa kundi hilo, na kuingia tunduni: ilikuwa mara ya kwanza katika PGA Tour, mashindano ya wachezaji wa kulipwa, kwa shimo la mikwaju minne kumalizwa kwa mkwaju mmoja. Siku nyingine mpira kama huo ungemgonga mtu. Ndiyo maana shimo la namna hii halifai kuwekwa mwanzoni mwa mzunguko, ambako foleni huwasumbua wote wanaofuata, wala kuelekezwa kwenye njia ya waendao kwa miguu.

Afrika Mashariki ina uzoefu wake. Klabu ya gofu ya Mombasa, iliyoanzishwa mwaka 1911, hucheza kwa mashimo tisa kando ya bahari, na hayo hutosha. Jinja, karibu na chanzo cha Mto Nile, palikuwa na kanuni ya pekee: mpira ukitumbukia katika nyayo za kiboko, mchezaji aliruhusiwa kuuokota na kuuweka mahali pengine bila adhabu. Anayejua viboko wa mdomo wa Rusizi hataishangaa kanuni hiyo. Mchezo uliozaliwa Uskoti ulijifunza kukaa na wenyeji wake wapya.

Sababu ya pili ni kwamba shimo fupi halidai ardhi kubwa. Mita 280 kwa urefu na 60 kwa upana ni hekta 1.7, zaidi kidogo ya viwanja viwili vya mpira wa miguu. Na ardhi hiyo haina haja ya kuwa ardhi nzuri. St Andrews ilikuwa mchanga wa pwani usiofaa kulimwa. Chambers Bay, kiwanja cha umma cha kaunti ya Pierce katika jimbo la Washington, kilifunguliwa mwaka 2007 juu ya machimbo ya zamani ya mchanga na kokoto kando ya maji. Mwaka 2015 mashindano ya taifa ya Marekani yalifanyika hapo, na njia ya wapita kwa miguu hukatiza kiwanja hichohicho.

Uvira nayo ina ardhi ya namna hiyo. Imebanwa kati ya milima ya Mitumba na Ziwa Tanganyika, na mito Kavimvira, Mulongwe na Kalimabenge hushuka katikati yake. Aprili 2020 Mulongwe ilifurika na kuua watu, na miaka iliyofuata maji ya ziwa yalipanda na kuingia majumbani. Ukanda wa ufuo na kingo za mito hiyo umekwisha kuonyesha kwamba haufai kujengwa. Unaweza kubeba nyasi, miti, kiwanja cha mpira, njia ya kutembea, na siku moja mashimo machache mafupi ya gofu. Maji yakija juu ya nyasi, hakuna anayezikwa. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi ya Kongo ni mali ya Taifa, kwa hiyo ukanda huo unaweza kutengwa uwe wa wote.

Mji uliochoshwa na vita na mafuriko una mahitaji ya haraka kuliko gofu. Lakini, pamoja na sheria hiyo, parsele huuzwa kila mwaka, na iliyouzwa hairudi kwa urahisi. Mwaka 1797 baraza la St Andrews, likiwa limefilisika, liliiuza ardhi yake ya mchezo, ikafugiwa sungura. Mji uliipata tena mwaka 1894, kwa sheria ya Bunge. Leo Old Course kwa kawaida hufungwa kwa wachezaji siku ya Jumapili, na wakazi hutembea humo na watoto wao.

Wenye mamlaka ya mji, Mwami wa Bavira na wakuu wa mitaa wanaombwa na wana wa Uvira walio mbali waipime ardhi ya ufuoni iliyobaki wazi, waiandike kuwa ya wote, na wasikate humo parsele hata moja.