Baiskeli ya Mashindano Isinunuliwe kwa Mizani

Koplo mmoja aliyerejea kutoka Somalia alitujia mwezi uliopita na swali ambalo tumekwisha kuulizwa mara nyingi. Alikuwa na akiba ya posho yake, na alikuwa ameona mjini Kampala baiskeli mbili za mashindano ya barabarani, zote zimekwisha kutumika Ulaya. Moja ilikuwa ya kaboni, nyeusi, yenye kung'aa, uzito wake kilo saba na nusu. Ya pili ilikuwa ya chuma, rangi imechubuka, uzito wake kilo kumi. Bei ya ile ya kwanza ilikuwa mara tatu ya bei ya ile ya pili. "Afande," alisema, "nadhani jibu liko wazi, nimekuja kuthibitisha tu."

Tulimwambia kwamba jibu haliko wazi hata kidogo, na kwamba lau fedha zingekuwa zetu tungechukua ile ya chuma. Hakupendezwa. Na kwa kuwa tunawaona askari wenzetu, wa jeshi na wa polisi, wakitoka alfajiri juu ya baiskeli za namna hiyo, na wengine wakirudi wamezibeba begani, tumeona yafaa tueleze sababu zetu kwa kirefu. Mwenye kutupinga na atupinge, lakini ajue anachokipinga.

Kwanza hatuna budi kukiri kwamba sisi wenyewe tulinunua vibaya. Baiskeli yetu ni ya Kifaransa, nayo imetuzidi umri. Fremu yake ni ya mabomba ya Reynolds 531, chuma cha Uingereza kilichoanza kuuzwa mwaka 1935, na ambacho kwa miongo mingi kiliwabeba wakimbiaji wa Tour de France. Mabomba hayo ni manene kidogo kwenye ncha, pale yanapounganishwa, na membamba katikati. Ukiyagonga kwa ukucha hulia kama kengele ndogo. Viungio vyake vimechongwa kwa mkono uliokuwa na subira. Tuliipenda kwa macho, tukalipa, wala hatukuuliza swali hata moja juu ya hesi za skurubu zake.

Hapo ndipo ulipokuwa mtego. Mafundi wa Kifaransa wa zamani walikuwa na vipimo vyao. Shina la usukani wao lina unene wa milimita 22.0, ilhali la wengine wengi ni milimita 22.2. Msomaji atasema sehemu mbili za kumi za milimita si kitu. Na ajaribu kulisukumia shina la Kijapani ndani ya uma wa Kifaransa, halafu atuambie.

Jambo kubwa zaidi liko chini, kwenye ekseli ya pedali. Ekseli hiyo huzungukia gololi ndani ya vikombe viwili, kimoja kila upande, navyo hufungwa kwa hesi kwenye fremu. Waingereza waligundua kwamba pedali zinapokwenda mbele, gololi hukisukuma kikombe cha kulia kidogo kidogo kinyume chake. Kwa hiyo kikombe hicho wakakipa hesi ya kushoto, ili mwendo uleule unaotaka kukilegeza uzidi kukikaza. Wafaransa waliweka hesi ya kulia pande zote mbili, wakategemea nguvu za fundi. Fundi akikikaza sawasawa hukaa miaka. Asipokikaza hulegea.

Chetu kililegea Jumapili moja tulipokuwa tukirudi kutoka Kayabwe, pale mstari wa Ikweta unapoikata barabara ya Masaka. Karibu na Buwama tulianza kusikia mlio, kisha pedali zikaanza kucheza. Tulimwendea fundi wa kando ya barabara, mzee mwenye mikono ya kazi kwelikweli. Alitazama mara moja akajua ugonjwa. Akachukua tindo na nyundo, akakigonga kikombe kuelekea kushoto, kama alivyovikaza vikombe vya baiskeli za mizigo maisha yake yote. Kila pigo lilizidi kukifungua. Nasi tulisimama pale tukimtazama, tusijue kwamba mzee alikuwa sahihi kwa baiskeli zote za wilaya ile isipokuwa moja. Mwishowe kikombe kilitoka, gololi zikamwagika mchangani. Tulifika kambini saa tano usiku, baiskeli ikiwa juu ya paa la teksi, na kesho yake alfajiri tulikuwa na gwaride.

Mzee yule hana lawama. Lawama ni ya mnunuzi aliyependa viungio vilivyochongwa.

Ndiyo maana twasema kwamba swali la kwanza la askari si uzito. Swali la kwanza ni hili: chombo hiki kikiharibika mahali nitakapopangiwa kazi, nani atakitengeneza, na kwa kipuri gani? Sisi si watu wa kukaa mahali pamoja. Leo uko Kampala, mwezi ujao uko Moroto. Jeshi la Uswisi lililijua jambo hili mapema. Askari wake wa baiskeli walianza mwaka 1891 na kikosi chao kikavunjwa mwaka 2003. Baiskeli yao iliyoanza kutumika mwaka 1905 ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 20, nayo iliendelea kuwatumikia mpaka miaka ya 1990 bila kubadilika sana. Hatumshauri mtu apande mlima kwa chuma cha kilo 20. Twasema tu kwamba jeshi lililokuwa na fedha lilichagua kitu kinachotengenezeka.

Sasa tuje kwenye mwendo wenyewe, maana hapo ndipo maneno mengi ya vijiweni yanapopotosha. Husemwa kwamba chuma hunyonya mitikisiko na alumini huumiza mgongo. Tuliwahi kuamini hivyo. Siku tuliyotoa tairi zetu za milimita 23, zilizojazwa upepo wa paundi 110, tukavika za milimita 28 na kuzijaza paundi 75, tulidhani tumepewa baiskeli nyingine. Barabara ilikuwa ileile, fremu ileile, mgongo uleule. Ncha za vidole zilizokuwa zikifa ganzi baada ya kilomita 40 zikaacha kufa ganzi. Wala hatukupunguza mwendo, kwa sababu tairi ngumu kupita kiasi hairuki juu ya lami mbovu bure: kila kuruka humtoza mpandaji nguvu. Wakimbiaji wa kulipwa, waliokuwa wakiapa kwa tairi nyembamba, leo wanatumia milimita 28 na zaidi. Kwa hiyo, mnunuzi na atazame kama uma na breki zina nafasi ya kupitisha tairi pana. Fremu nyingi nzuri hazina, na hilo haliwezi kurekebishwa kwa spana.

Hatusemi fremu haina kazi. Uma wetu umepindwa mbele taratibu na magurudumu yamekaa mbalimbali kidogo, hivyo baiskeli hushika njia yake kwenye mteremko bila kuyumba. Unaweza kuvuta kitambaa ukajifuta jasho. Baiskeli fupi, iliyosimama wima, huitika haraka katika kona na humchosha mtu katika safari ya saa tano. Kila moja ina mahali pake. Ya kwetu haikuzaliwa kwa kona za mjini, na tunaposhuka Kololo hutukumbusha.

Gia ndizo zilizotuadhibu zaidi. Mbele tulikuwa na meno 52 na 45, nyuma kuanzia 14 hadi 23. Kwa gurudumu lenye mzingo wa mita 2.1, gia nyepesi kuliko zote ilitusogeza mita 4.1 kila pedali zilipozunguka mara moja. Hiyo ni gia ya bingwa wa nchi tambarare, si ya afisa anayekaa ofisini siku tano kwa juma. Tulibadilisha meno ya mbele yakawa 38, na ya nyuma tukafikisha 28, na mita 4.1 zikashuka kuwa 2.85. Magoti yetu yalinyamaza. Baiskeli nyingi za siku hizi huweza kufikia meno 34 mbele na 34 nyuma, yaani zungusha pedali mara moja na gurudumu lizunguke mara moja. Kwa milima ya Kigezi huo si udhaifu, ni hesabu. Kuhusu vibadilishi vya gia vilivyowekwa kwenye mikono ya breki, ambavyo Shimano walivileta mwaka 1990, hatuna ubishi: ni bora kuliko vyetu vya kwenye fremu, vinavyotutaka tuachie usukani kwa mkono mmoja.

Juu ya breki tutasema neno moja tu: rimu za chuma zenye kroma zikilowa hazishiki, hata uminye mpaka kiganja kiume. Zikwepeni.

Koplo wetu alikuwa na hoja nzuri. Alisema alikuwako Kigali mwezi wa Septemba 2025, yalipofanyika mashindano ya dunia kwa mara ya kwanza katika bara la Afrika, na kwamba hakuona hata baiskeli moja ya chuma ikishinda. Kweli. Tadej Pogačar alishinda kilomita 267.5 juu ya kaboni, akipita mara kwa mara kwenye mawe ya mlima wa Kimihurura. Lakini nyuma ya kila bingwa palikuwa na gari, juu ya gari pana baiskeli za akiba, na ndani yake pana fundi. Hata shirikisho la dunia la baiskeli liliweka sheria mwaka 2000 kwamba baiskeli ya mashindano isipungue kilo 6.8. Na mwenye kudhani wepesi ni mali ya kaboni peke yake akumbuke kwamba Eddy Merckx, alipoweka rekodi ya saa moja mjini Mexico City mwaka 1972 kwa kilomita 49.431, alipanda baiskeli ya chuma isiyofika kilo 6. Haikuwa na breki wala gia, na kazi yake ilikuwa ya saa moja tu.

Kaboni si adui. Ikiwa mpya, yenye dhamana, na mwenyewe ana fedha, ni chombo kizuri sana. Hofu yetu ni ya ile iliyotumika. Chuma kikigongwa hubonyea, na aghalabu ufa wake huonekana kabla haujaleta msiba. Kaboni ikigongwa, matabaka yake ya ndani yaweza kuachana huku rangi ya juu ikibaki safi. Na ile aliyoipenda koplo, kwa maelezo yake mwenyewe, ina kiraka cha rangi mpya karibu na ekseli ya pedali. Muuzaji alimwambia ni pambo.

Tulimwuliza pia urefu wa miguu yake na urefu wa fremu zile mbili. Hakuna alichokuwa amepima. Hilo lilitusikitisha kuliko kiraka, maana fremu isiyomfaa mtu haimfai hata ikiwa ya dhahabu, na goti la askari likiharibika halina duka la vipuri.

Mpaka tunapoandika haya bado hajalipa. Tumekubaliana kwamba Jumamosi tutakwenda pamoja kuzitazama zote mbili, yeye na fedha zake, sisi na futi kamba, spana na tochi ya kutazamia kile kiraka.