Kiwango cha Nani?

Katika mikutano ya wakulima huku kwetu Kilosa na Mikumi kuna neno moja ambalo likishatamkwa mjadala hufungwa: "Iko ndani ya kiwango." Anayelisema huwa ni mtaalamu, tena mtu wa adabu, na wazee humpigia makofi. Mimi sipigi. Nataka kujua kiwango hicho kilipimwa kwa sahani ya nani.

Tuchukue kadimi, metali nzito inayofika shambani bila kualikwa, ndani ya mbolea za fosfati. Hakuna anayeitia, imo katika mwamba unaochimbwa kutengenezea mbolea, mwamba huu nyingi, ule kidogo. Msimu baada ya msimu hubaki udongoni, na mpunga huivuta. Huivuta zaidi udongo ukiwa na tindikali, nasi tunaendelea kumwaga SA, ambayo huongeza tindikali hiyo. Shamba likikauka mapema kabla ya mavuno, huvuta zaidi tena. (Ukiyaacha maji yatuame, kadimi hupungua lakini aseniki huongezeka. Mkulima akimbilie wapi?)

Mwilini kadimi hujikusanya kwenye figo, na nusu yake huchukua miaka 10 hadi 30 kutoka. Wajapani waliyaona hayo. Katika bonde la mto Jinzu, mkoani Toyama, mpunga ulimwagiliwa kwa maji yenye uchafu wa mgodi wa Kamioka. Figo za watu zikaharibika, mifupa ikavunjika, hasa ya wanawake wa makamo na wazee, na ugonjwa ukaitwa itai-itai, yaani "inauma, inauma". Serikali yao ilikiri chanzo mwaka 1968, watu wakiwa wameshaumia kwa miongo. Kilosa si Toyama, wala hatuna mgodi ule. Lakini figo ni ile ile.

Sasa hesabu, ndugu msomaji. Kiwango cha kimataifa cha Codex kinaruhusu miligramu 0.4 za kadimi katika kilo moja ya mchele mweupe. Wataalamu wa FAO na WHO walisema mwaka 2010 kwamba mtu asizidishe kwa mwezi mikrogramu 25 kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo 15, basi, ana haki ya mikrogramu 12.5 kwa siku. Kwa mchele uliofika ukomo wa Codex, gramu 31 tu zinammalizia haki yake. Hiyo ni konzi moja! Mama yake mwenye kilo 60 humaliza yake kwa gramu 125, nusu ya robo kilo. Sisemi mchele wetu umefika hapo. Nasema mchele unaweza kuwa "ndani ya kiwango" na mlaji akawa nje, kwa sababu anayekula wali mara moja kwa wiki na anayeula mchana na usiku wamepewa kipimo kimoja.

Nitaambiwa nataka watu waache mbolea wafe njaa. La hasha. Umoja wa Ulaya, tangu Julai 2022, umeweka ukomo wa kadimi katika mbolea za fosfati zenye alama yake: miligramu 60 kwa kilo ya fosfati. Mbona wakulima wao hawakufa njaa? Sisi nasi tangu mwaka huo huo tunatoa ruzuku ya mbolea kwa fedha za umma. Mwenye kulipa ana haki ya kudai kadimi iandikwe kwenye mfuko, pembeni ya naitrojeni na fosfati.

Na wanaokuja kuchukua udongo wetu kwenye vifuko, wakaondoka nao, wachukue na mkojo. Waanze na wanawake wa miaka hamsini na zaidi waliokula wali wa mashamba yao tangu usichana, kwa kuwa mwili wenye upungufu wa madini ya chuma hufyonza kadimi kwa wingi zaidi, na upungufu huo ni wa wanawake wengi. Kisha wawaulize kila mmoja, kwa siku anapika vikombe vingapi.