MAMA AKIPATA KAZI ASIADHIBIWE

Ndugu Wafanya Kazi,

Wako watu wanaosema kwamba mama anayelea watoto peke yake hataki kazi, anangoja msaada. Sisi tunaofanya kazi pamoja naye twasema huo ni uongo. Tazameni hesabu.

Katika mpango wa Inua Jamii, nyumba masikini inayolea yatima hupewa Sh. 2,000 kwa mwezi, watoto wawe wawili au sita. Nyumba huchaguliwa kwa umasikini wake. Sasa mjane aandikwe kazi ya Sh. 16,000. Mbele ya karani yeye si masikini tena, na jina lake laweza kufutwa. Papo hapo makato yaanza: N.S.S.F. Sh. 960, bima ya afya Sh. 440, ushuru wa nyumba Sh. 240. Jumla Sh. 1,640. Ongeza zile 2,000 alizopoteza: Sh. 3,640 zimekwenda kabla hajalipa yaya wala nauli.

Serikali inapokata yajua kuhesabu mshahara wake. Inapotoa haihesabu watoto wake. Hiyo ni haki gani?

Uingereza nako kuna taabu, lakini mzazi anayepokea msaada akipata kazi, sehemu ya mshahara wake haiguswi. Inayozidi, tangu 2021, kila pauni moja hupunguza msaada kwa pensi 55. Ni nyingi mno, lakini msaada hushuka ngazi kwa ngazi.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 43, yaagiza serikali iwasaidie wasioweza kujikimu wao na wanaowategemea. Kifungu cha 53 chasema baba na mama wana wajibu sawa, wawe wameoana au hawakuoana. Akina baba mliotoroka, nanyi mnasemwa hapa!

Twadai mambo matatu:

1. Aliyepata kazi asifutwe msaada ghafula. Upunguzwe kidogo kidogo, na watoto wahesabiwe.

2. Sheria ya Kazi ya 2007 yampa mama miezi 3 ya uzazi kwa mshahara kamili. Baadaye mtoto atabaki na nani? Kila mkataba tutakaotia sahihi na matajiri utaje mahali pa kulelea watoto.

3. Baba anayelea peke yake apate haki hiyo hiyo.

Ndugu, msiseme haya ni mambo ya wanawake. Mama aliyebanwa hukubali mshahara wowote, na tajiri atautumia mshahara huo kuushusha wako. Njoni mkutanoni, tuseme kwa sauti moja.