Shingo Inayouma si Ada ya Uzee

Katika kaunti za Kitui na Makueni imeota mizizi imani kwamba maumivu ya shingo kwa mtu aliyekula chumvi nyingi, hasa mwanamke, ni ada ya umri isiyo na dawa, na kwamba anayelalamika hana budi kuvumilia kama walivyovumilia mama na nyanya zake. Imani hii yapaswa kupingwa bila kigugumizi, kwa sababu huchanganya kuchakaa kwa mifupa, ambako kweli huja na miaka, na mateso, ambayo hayaletwi na miaka peke yake.

Ugonjwa wenyewe ni osteoathritisi ya shingo, yaani uchakavu wa viungo vinavyounganisha pingili saba za shingo: visahani laini vilivyo baina ya pingili hupoteza maji na kusinyaa, gegedu inayofunika ncha za mifupa hulika, na mfupa huota vijiba pembezoni. Hata hivyo, eksirei za watu wengi waliopita miaka 60 huonyesha mabadiliko hayo ilhali wenyewe hawaumwi, na kama umri ungekuwa ndio sababu pekee, wote hao wangekuwa wanaugua.

Kinachosahaulika ni mzigo. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa takriban kilo 5, ilhali jerikeni ya lita 20 ikijaa maji ina kilo 20, na mwanamke wa kaunti hizi huibeba mgongoni kwa mukwa, yaani ukanda unaopitishwa kichwani, ambao huvuta kichwa nyuma na kuilazimisha misuli ya shingo kushindana nao njia nzima. Utafiti mdogo uliochapishwa mwaka 2010 kuhusu wabebaji maji wa Limpopo, Afrika Kusini, ulikuta wengi wao wakiumwa shingo au mgongo. Kwa hiyo mabwawa ya mchanga, yaani kuta zinazokinga mito ya msimu ili mchanga ujae na kuhifadhi maji, ambayo shirika la SASOL limeyajenga Kitui pamoja na wanavijiji tangu miaka ya 1990, ni kinga ya shingo pia, kwa kuwa hupunguza mwendo wa kufuata maji.

Wapo watakaosema kwamba uvumilivu ni heshima na kwamba nauli ya kwenda hospitali ni ghali. Nauli ni hoja ya kweli, lakini uvumilivu huo haupo, kwani yule yule anayeambiwa hakuna dawa hununua diklofenaki dukani na kuimeza miezi mingi bila uangalizi, hadi tumbo lipate vidonda, figo zidhoofike na shinikizo la damu lipande. Imani hii haimwepushi mgonjwa na dawa. Humwacha na dawa mbaya.

Tiba ipo, ingawa haimrudishii mtu mifupa ya ujana. Mazoezi ya kuimarisha misuli ya shingo na mabega, yanayofundishwa na mtaalamu wa fiziotherapia, kukanda kwa kitambaa cha maji moto na dawa za maumivu kwa muda mfupi huwapunguzia wengi makali. Zipo pia dalili zisizosubiri: mikono inayoangusha vitu au kushindwa kufunga vifungo, miguu inayoyumba, na mkojo usiozuilika. Hizo huashiria kwamba ugwe wa mgongo, ambao ndio njia ya neva kutoka kwenye ubongo, umebanwa, na mgonjwa anahitaji daktari wa upasuaji haraka, wala shingo yake isipindwe na mkandaji wa viungo. Hapa ndipo imani hii hulemaza, kwa kuwa kuyumba nako huitwa uzee.

Makueni ilionyesha mwaka 2016, kwa mpango wa MakueniCare uliotoza kila kaya shilingi 500 kwa mwaka, kwamba kaunti kame inaweza kuamua kuwatibu watu wake. Wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao tangu mwaka 2023 hupita nyumba kwa nyumba na vipimo vya shinikizo la damu na sukari, wafundishwe kuuliza pia juu ya shingo na nguvu za mikono. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Lakini nyanya aliyesema anaumwa na kujibiwa kwamba ni uzee hakuficha maradhi yake, bali jamii ndiyo iliyomfichia.