Tegu wa Nguruwe na Nyumba Isiyokula Nguruwe



Hapa kwetu Kibaha na Kisarawe, mtoto akianguka kifafa chuoni, wenziwe hukimbia povu lake, na wazazi humficha ndani wakitaja majini. Nakiri kuwa zamani nami, mwalimu wao, nilikimbia. Leo najua kuwa kifafa hakiambukizwi kwa mate, na kwamba miongoni mwa sababu zake nyingi imo moja tunayodhani haituhusu: tegu wa nguruwe.

Wengi husema, "Sisi hatuli nguruwe, yatuhusu nini?" Sikilizeni. Alaye nyama ya nguruwe yenye mabuu, nayo haikuiva, hupata tegu tumboni. Mayai ya tegu hutoka katika choo cha mtu huyo. Yakiingia kinywani mwa mwingine kwa maji, mboga au mikono michafu, mabuu huanguliwa, yakafika hata ubongoni, yakafanya vifuko. Na pengine baada ya miaka mingi huleta kifafa. Mwaka 1992 madaktari wa New York walieleza habari za Wayahudi wanne washika dini, wasiokula nguruwe, waliopatwa na maradhi haya. Ikadhaniwa kuwa mayai yalitoka kwa watumishi wa nyumbani waliohamia kutoka nchi zenye tegu.

Wala si mambo ya ng'ambo tu. Katika hospitali ya Haydom, wilayani Mbulu, wagonjwa wa kifafa walipigwa picha za kichwa, na baadhi yao wakaonekana na vifuko hivyo. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2009. Shirika la Afya Duniani lasema kuwa mahali pengi alipoenea tegu huyu, wagonjwa wa kifafa 30 katika kila 100 chanzo chao ni yeye.

Basi wapimaji wakija kijijini kuuliza nyumba hata nyumba ni nani aangukaye, tusimfiche mtu. Huanza kwa maswali, kisha kipimo cha damu, kisha picha ya kichwa kwa ahitajiye. Wala tusimpe mwenye kifafa dawa ya tegu bila daktari: vifuko vikifa, ubongo huweza kuvimba, naye akazidi kuanguka.

Tusimlaumu jirani. Tuchimbe vyoo, tunawe mikono, tuoshe mboga. Na mtoto akianguka, enyi vijana, msikimbie: mlazeni ubavu, msimtie kitu kinywani, mkae naye mpaka azindukane.

Wabillahi tawfiq.